Jina Lako la Dini Nani?

Msyuuu! Mnisamehe, leo nasonya kwanza ndiyo nikae. Kijana mmoja wa bodaboda hapa kijiweni kapata mtoto wa kiume, hongera zake, Mungu amkuze. Tukamuuliza jina, kasema Liam. Tukamuuliza maana yake, kafungua simu, kidole juu, kidole chini, kisha kasema, "Limekaa vizuri tu, mzee wangu. Marekani wanalipenda sana." Wanalipenda kweli, sikatai. Kuanzia 2017 limekuwa likiongoza kwa watoto wa kiume kule. Lakini mtoto akifika darasa la tatu, mwalimu akawaambia wakaulize nyumbani maana ya majina yao, baba atajibu nini? Kwamba limekaa vizuri?

Basi ngoja nimsaidie. Liam ni kipande cha mwisho cha Uilliam, ndivyo watu wa Ireland walivyolichukua William. William nalo lilianzia kwa makabila ya Kijerumani ya zamani, Wilhelm, maneno mawili yaliyoungana: nia, na kofia ya chuma ya vitani. Sasa sikilizeni. Kijana huyu kwao ni Marangu. Mwaka 1889 Mjerumani Hans Meyer alipofika juu kabisa ya Kilimanjaro, kilele kile akakipa jina la mfalme wake, Kaizari Wilhelm. Mwaka 1961 tulipopata uhuru, Luteni Alexander Nyirenda akapandisha bendera na mwenge kule juu, na kilele kikaitwa Uhuru. Jina tulilolishusha mlimani, mjukuu wa mlima wenyewe kalipandisha kwa mwanawe, na hakuna aliyemwambia.

Sisemi Liam ni jina baya. Na msinielewe vibaya, mimi si adui wa majina ya mbali. Tukianza kufukuza wageni hapa, benchi lote litabaki tupu. Musa ataondoka, Yusufu ataondoka, Petro na Salimu na Joji wataondoka, na mwenye kahawa atafuata na birika lake. Ninachosonyea ni kupokea jina bila kuliuliza limetoka wapi. Majina ya kiume tunayoitana hapa yametembea kuliko sisi wenyewe.

Mchukueni Musa. Biblia inalieleza jina lake kwa kutolewa majini, lakini wasomi wa Kimisri cha kale wanaliona humo neno lao la kuzaliwa, lile lile lililo mkiani mwa majina ya mafarao: Thutmose, mwana wa Thoth, Ramses, aliyezaliwa na Ra. Yaani nabii aliyewatoa watu Misri alibeba jina la Kimisri. Isaka, ambaye kwa Waislamu wa huku ni Isihaka, ni kicheko. Bibi Sara alicheka aliposikia atazaa uzeeni, na mtoto akaitwa hivyo. Yakobo ni wa kisigino, kwa kuwa alitoka amemshika pacha wake kisigino. Jina hilo hilo lilipita kwenye Kilatini na Kifaransa likapinda pinda mpaka Waingereza wakawa wanasema James. Kwa hiyo fundi Jemsi wa hapo gereji na mzee Yakobo wa duka la dawa ni somo mmoja na mwenziwe, na wanapishana kila asubuhi wakisalimiana kama wenye majina mawili. Alexander je? Ni Kigiriki, mlinzi wa watu. Waarabu walipolisikia, ile "Al" ya mbele wakaiona ni kitambulishi cha lugha yao, likabaki Iskandar, na hivyo ndivyo linavyoitwa Unguja mpaka leo. Na Joji ni Mgiriki pia, maana yake mkulima. Tuna akina Joji wangapi mjini hapa wanaomcheka mtu wa jembe!

Kuna kisa cha jina kinachonigusa kuliko vyote. Nabii Zakaria na mkewe walizeeka bila mtoto. Walipojaliwa, siku ya kumpa mtoto jina majirani na jamaa wakajaa, wote wanataka aitwe Zakaria kama baba yake. Mama akakataa, akasema ataitwa Yohana. Wakamjia juu: katika ukoo wenu nani ana jina hilo? Baba alikuwa amefungwa ulimi, hawezi kusema. Akaomba kibao, akaandika: jina lake ni Yohana. Injili ya Luka ndiyo inayosimulia. Kwenye Kurani mtoto huyo huyo ni Yahya, na sura ya Mariamu inaeleza kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyemtaja, na kwamba hakuwahi kupewa mtu jina hilo kabla yake. Maana yake kwa Kiebrania ni kwamba Mungu ameonyesha fadhili. Kutoka kwa mtoto huyo mmoja wamepatikana akina John, Jean, Juan, Giovanni, Hans na Ivan. Na hapa petu Yohana na Yahaya wanakaa nyumba zinazotazamana, mmoja anakwenda kanisani, mwingine msikitini, na wameitwa kwa mtu yule yule.

Na Petro? Simoni alikuwa mvuvi mwenye jina lake. Yesu akamwita Kefa, neno la Kiaramu, jiwe. Wagiriki wakaligeuza Petros. Sasa rukeni karne mpaka 1914, kwenye misheni ya Waskoti kule Thogoto, Kenya. Kijana mmoja aitwaye Kamau anakwenda kubatizwa. Anataka kuitwa John Peter. Wamisionari wanamwambia majina mawili ni mengi, achague moja. Kijana akakaa akafikiri, akarudi na Johnstone: John likabaki, na Petro akaingia kwa lango la nyuma, kwa sababu stone kwa Kiingereza ni jiwe. Kijana huyo ndiye baadaye mkaja kumjua kwa jina la Jomo Kenyatta. Mnaona? Aliyejua maana ya jina hakuzidiwa ujanja na mwenye daftari.

Haya, sasa tuje kwetu. Mnamkumbuka Kofi Annan, yule aliyekwenda Nairobi 2008 kuwapatanisha Kibaki na Raila? Watu walilitamka jina lile kama kitu cha ajabu kutoka Ghana. Waakani wa Ghana humpa mtoto jina la siku aliyozaliwa. Wa Jumatatu ni Kojo, wa Jumanne Kwabena, wa Jumatano Kwaku, wa Alhamisi Yaw, wa Jumamosi Kwame kama Nkrumah, wa Jumapili Kwasi. Na Kofi ni wa Ijumaa. Annan alizaliwa Ijumaa, tarehe 8 Aprili 1938. Yaani bwana yule alikuwa Juma! Juma wetu huyu huyu wa mtaani, kama Yaw alivyo Hamisi. Pwani nzima tulikuwa na ndugu yetu pale kwenye televisheni na hatukumtambua.

Watu wa huku hatukuishia kwenye siku. Tumekwenda mpaka kwenye miezi: Rajabu, Shaabani, Ramadhani. Aliyezaliwa sikukuu ni Idi, aliyezaliwa mahujaji wakiwa Maka ni Haji. Wazungu wao walifanya kinyume, mwezi ndio uliochukua jina la mtu. Julai ni Julius Kaizari. Na Wajaluo wakaingia ndani zaidi, wakagawa siku yenyewe. Omondi ni wa alfajiri. Okinyi asubuhi. Onyango jua likipanda kuelekea adhuhuri, Ochieng' jua la utosini, Odhiambo jioni ikiingia, Otieno usiku, Oduor usiku wa manane. Ukiwa na ndugu sita wa Kijaluo mezani unaweza kupata saa nzima ya ukutani. Hata yule babu wa Obama aliyekuwa Rais wa Marekani, Hussein Onyango, jina lake la kwao linakuambia mama yake alijifungua watu wakiwa shambani, jua halijawa kali.

Wakalenjin nao. Kibet ni wa mchana. Kipkorir alikuja karibu na mapambazuko. Kiprono alizaliwa mbuzi na kondoo wanarudi zizini. Kipruto mama alikuwa safarini. Rais wa Kenya wa sasa, acheni hilo William lake la kofia ya chuma, anaitwa pia Kipchirchir: uchungu ulikuwa wa haraka, mtoto akatoka mbio. Jina moja, na ndani yake yumo mama, yumo mkunga, umo na mwendo wa siku yenyewe. Mtu mwenye jina hilo amepewa habari ya saa yake ya kwanza duniani, habari ambayo wengi wetu hatunayo hata kwenye cheti.

Na mvua! Sijaona kitu kinachopendwa kwenye majina kama mvua. Okoth kwa Wajaluo, Kiprop kwa Wakalenjin, Mabula kwa Wasukuma, Matar kwa Waarabu wa Omani na jamaa zao wa Unguja, Mwinyimvua huku kwetu Pwani. Wote hao ni mtoto mmoja aliyezaliwa paa likipigwa na matone. Mwalimu Nyerere alizaliwa Butiama 1922 siku ya mvua, akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua wa Wazanaki. Baba yake ndiye aliyekuwa Nyerere, na Nyerere ni viwavi, kwa sababu alizaliwa mwaka viwavi jeshi walipovamia mashamba. Julius lilikuja 1943 na maji ya ubatizo. Ukilisoma jina lake lote unapata mvua, viwavi, na Kaizari wa Roma. Mwalimu hakutupa hata moja. Angeweza.

Sasa niseme jambo ambalo si la kuchekea. Kuna Ijumaa nyingine. Mwaka 1719 Mwingereza Daniel Defoe aliandika hadithi ya Robinson Crusoe, mtu aliyetupwa kisiwani. Crusoe anamwokoa mtu wa visiwa vile mikononi mwa maadui, na kwa kuwa ilikuwa Ijumaa anamwita Friday. Hamuulizi jina lake. Anampa la kwake na kumfundisha amwite yeye Bwana. Juma, Kofi, Friday, siku ni ile ile, lakini Juma na Kofi waliitwa na mama aliyewazaa, na Friday aliitwa na aliyemmiliki. Na hilo halikuwa la hadithini tu. Sidi Mubarak Bombay, aliyewaongoza akina Burton, Speke, Stanley na Cameron kuvuka nchi hii, alikuwa mtoto wa Kiyao aliyekamatwa utumwani na kuuzwa mpaka India. Mubarak ni aliyebarikiwa, na Bombay ni mji. Pwani yetu ilijaa akina Mabruki na Feruzi wa namna hiyo, majina mazuri kabisa kwa maana, yaliyotolewa na watu waliowanunua wenyewe. Kwa hiyo nikisema jina ulijue, simaanishi kamusi peke yake. Jueni na mtoaji.

Wapo waliolichukua jambo hili wakaliharibu kwa upande wa pili. Kule Kongo, Joseph-Désiré Mobutu aliibadili nchi ikawa Zaire 1971, na mwaka uliofuata akaamuru watu waache majina ya ubatizo ya kizungu. Padri atakayembatiza mtoto kwa jina la kizungu alitishiwa kifungo. Kardinali Malula alipinga, ikabidi aondoke nchini kwa muda. Désiré lenyewe maana yake ni aliyetamaniwa, mtoto aliyesubiriwa kwa hamu, na nani anajua mama yake Mobutu alisubiri kiasi gani! Akalitupa kwa amri. Sikubaliani naye hata kidogo. Uwe unamvua mtu jina la mama yake kwa Biblia, au unamvua jina la ubatizo wake kwa jeshi, ni mkono ule ule.

Mnajua wanaonisikitisha zaidi? Ni vijana wenye majina ya machungu. Tabu. Shida. Mashaka. Masumbuko. Wakifika mjini wanajiita kitu kingine, wengine wanaapa kwa wakili kulifuta kabisa. Nawaelewa, mtu akiitwa Shida kwenye usaili, aliye mbele anatabasamu kwanza kabla ya kusoma vyeti. Lakini jamani, mama aliyempa mwanawe jina la Mashaka hakuwa anamlaani. Alikuwa anaweka kumbukumbu. Pengine mimba ilipita kwenye njaa, pengine baba alikamatwa, pengine walitangulia wawili wakazikwa. Nilimwona mama mmoja hospitalini anamwita mwanawe mtu mzima, "Masumbuko, baba, sogea uninyanyue," na alivyolitamka hukusikia sumbuko lolote, ulisikia shukurani tupu. Jina limebeba yale aliyoyapita, na mwenye jina ndiye aliyebaki hai.

Na hili si letu peke yetu. Huko Mongolia, wazazi waliofiwa na watoto walimpa anayefuata jina la Nergüi, yaani hana jina, au Enebish, si huyu, ili mabaya yakija kumtafuta yapite. Wakikuyu wana Kariuki, aliyefufuka. Wakamba wana Musyoka, aliyerudi. Wasukuma wamemtengea jina hata anayezaliwa nyuma ya mapacha, baada ya Kulwa na Doto anakuja Shija. Mwanadamu popote alipo, akishika kichanga mikononi, anasema mambo machache yale yale: umekuja saa hii, umekuja na mvua, tulikuwa tunakungoja, usituache.

Basi nifike kwenye msonyo wangu mkubwa. Unakwenda kuandikisha mtoto shule, au unakwenda kanisani au kwa ustadhi fulani. Anasema anaitwa Mabula. Anatazamwa. "Hilo ni la kwenu. Jina la dini nani?" Khaa! Nani aliwaambia Edward ni jina la dini? Edward ni Kiingereza cha kale, mlinzi wa mali. William mmeshamjua. Robert, Henry, Charles, yatafuteni kuanzia Mwanzo mpaka Ufunuo, hamyapati. Ni majina ya mababu wa Wazungu, ya mashujaa na mikuki, kama Mabula alivyo wa babu zetu wa mvua. Yalianza kuonekana ya dini pale wenye nayo walipobatizwa wakabaki nayo. Sisi tulipobatizwa tuliambiwa ya kwetu tuyaache mlangoni.

Na kwa ndugu zangu Waislamu, someni historia. Umar, Uthman, Khalid, Hamza waliitwa hivyo kabla Uislamu haujafika, wakasilimu na majina yao. Mtume aliyabadili yale yenye maana mbaya au yenye kumfanya mtu mtumwa wa sanamu. Bukhari amepokea kisa cha mtu aliyeitwa Hazn, yaani ugumu wa ardhi ya mawe. Mtume akamwambia, wewe ni Sahl, ulaini. Yule mtu akasema habadilishi jina alilopewa na baba yake. Hakulazimishwa. Mjukuu wake, Said bin Musayyib, ambaye alikuja kuwa mwanachuoni mkubwa wa Madina, ndiye aliyesimulia kwamba ule ugumu ulibaki kwao. Kigezo kilikuwa maana. Sasa Mabula ana ubaya gani? Mvua ni rehema!

Ukitaka kuona dini ndani ya majina, ondoka kwenye sauti uende kwenye maana, ndipo utakapowaona wenzako. Abdallah ni mtumishi wa Mungu. Obadia, mwenye kile kitabu kifupi kuliko vyote katika Agano la Kale, ni mtumishi wa Mungu. Yule mkimbiaji wa Ethiopia, Haile Gebrselassie, hilo la pili ni mtumishi wa Utatu. Mkongo anaitwa Dieudonné, Mungu ametoa. Mgiriki alikwishasema Theodoro, Mwebrania Nathanaeli, Mwarabu Atallah, Mrusi Bogdan, na Mswahili akasema Majaliwa. Nenda Rwanda na Burundi, mtu anajitaja tu na tayari ameungama imani: Habimana, Mungu yupo, Bizimana, Mungu ndiye ajuaye, Nshimirimana, namshukuru Mungu. Mtu anamwambia mwenzie Habimana atafute jina la dini!

Upo ushahidi unaonitosha mimi. Karibu na Kampala ya leo, tarehe 3 Juni 1886, Kabaka Mwanga wa Buganda aliwachoma moto vijana wa kasri pale Namugongo kwa sababu ya imani yao. Kiongozi wao alikuwa Karoli Lwanga. Mdogo wao kuliko wote alikuwa mvulana mwenye jina la Kiganda, Kizito, ambaye Lwanga mwenyewe ndiye aliyembatiza siku za mwisho. Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo wa Sita aliwatangaza watakatifu, na yule mdogo Kanisa linamwita hivyo hivyo, Mtakatifu Kizito. Kuna shule za Kizito, parokia za Kizito, na kila mwaka Bukoba, Kisumu na Songea watoto wanapelekwa kwenye maji ya ubatizo wanaitwa Kizito, hata wale ambao hakuna Mganda katika ukoo wao. Kwa padri, huyo ndiye msimamizi wao mbinguni. Jina la dini ni hilo, na alilibeba mtoto wa hapa.

Kwa hiyo wewe mwenye fomu na muhuri, ukiambiwa Mabula, andika Mabula, na usikosee herufi.